Mwalimu wa Matiti wa Haapalahti

Siku ile mjinga alikuwa Veijo. Hatumsengenyi, maana hulikiri mwenyewe mbele ya watu, tena akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Mtu asimame mbele ya wanawake wa kijiji kizima kuwafundisha namna ya kupapasa matiti, ajipapase mwenyewe kwa mfano, akute uvimbe, kisha aendelee na somo kana kwamba hakukuta kitu! Hilo, anasema, linataka kipaji.

Lakini kukiri kulikuja baadaye sana. Siku zenyewe zilipokuwa zikipita alikuwa bado anabisha, na ubishi wa Veijo haukuwa mzigo wa Veijo. Mzigo ulikuwa wa Eila, mkewe.

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao hata mfuko wa mkate dukani unavalishwa utepe wa rangi ya waridi. Hilkka, kiongozi wa chama cha akina mama cha Haapalahti, alikuwa amemwalika nesi wa mjini aje azungumze kuhusu kansa ya matiti. Siku mbili kabla, nesi akaanguka na mafua. Hilkka akampigia Eila simu.

"Eila, wewe si umepitia? Njoo useme maneno mawili tu."

"Nimeshayasema," Eila akajibu. "Nimeyasema miaka tisa. Nimechoka kuwa mfano."

Veijo, aliyekuwa mezani akipaka siagi kwenye mkate mweusi huku sikio moja likiwa kwenye simu, akainua kisu juu kama mtoto wa shule.

"Mwambie nitakuja mimi!"

"Wewe?"

"Kwani nani alikuwa anakupeleka hospitali? Nani alikaa kwenye ile korido mpaka akaijua mistari ya sakafu? Sisi tulipokuwa na kansa..."

"Sisi?" Eila akasema. "Nywele za nani zilidondoka kwenye supu?"

Hilo "sisi" lilikuwa limemkera tangu mwanzo. Alipoanza kutiwa dawa, Veijo alizunguka kijiji akisema, "Tumeanza dawa." Walipomfanyia upasuaji wakayatoa matiti yote mawili, Veijo alisimama dukani akatangaza, "Tumepasuliwa, tunaendelea vizuri." Eila alikuwa amelala na mipira miwili ya kutolea majimaji ikimtoka ubavuni, anashindwa kuinua mkono ajikune pua, na mwenzake huko anapokea pole za watu wawili. Wema wake haukuwa na shaka. Aliendesha gari kwenye theluji na kwenye ukungu, hakukosa safari hata moja, na alijifunza kupika uji usioungua. Lakini kuna wema mwingine unaokukalia juu ya kifua mpaka unatamani ubaya kidogo upate kupumua.

Na baada ya kupona, Veijo akawa bingwa. Miaka thelathini alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani. Alipostaafu hakuwa na cha kusukuma, basi akasukuma wanawake. Barua za kuitwa kwenye picha ya matiti zikishafika kijijini, alimuuliza muuza duka, alimuuliza mke wa mchungaji, alimuuliza mwalimu mpya ambaye hata jina lake hakulijua: "Umeenda? Unangoja nini? Wewe unafikiri kitu hicho kinakungoja?" Wengine walienda ili awaache tu. Mmoja walimkuta na kitu kidogo kama punje ya shayiri, wakakitoa mapema, na tangu hapo ikawa hakuna wa kumnyamazisha Veijo tena.

Basi siku ikafika. Ukumbi wa kijiji ukajaa, maandazi ya iliki yakapangwa, na Eila akajichimbia nyuma ya birika kubwa la kahawa, mahali ambapo mtu anaona wote na wote wanaona birika. Veijo akapanda mbele amevaa shati la sufu.

"Akina mama," akaanza, "mikono yangu mnaiona, ni makoleo. Lakini hata koleo likifundishwa linajua." Wakacheka. "Vidole vitatu. Si ncha za vidole, ni tumbo la kidole. Mviringo mdogo, mdogo, mdogo, kama mtu anayetafuta njegere chini ya shuka. Msibonyeze kama mnakanda mkate, Hilkka, nakutazama wewe."

"Endelea na kazi yako!" Hilkka akapaza sauti.

"Sasa nawaonyesha kwangu, maana Eila amekataa kuja mbele." Akafungua vifungo viwili, akapitisha mkono ndani ya shati. "Msicheke. Na mimi nina chuchu, ingawa Mungu hakuniambia za nini. Mnaanzia hapa chini ya mfupa wa shingo, mnashuka, mnazunguka, mnafika hapa chini ya chuchu, na hapa..."

Mkono ukasimama.

Ulisimama kitambo kidogo tu. Wanawake wakadhani anatafuta neno. Lakini Eila, nyuma ya birika, aliujua ule msimamo wa vidole. Vyake mwenyewe viliwahi kusimama vile, bafuni, redio ikisoma hali ya hewa ya siku inayofuata. Mkono wa Veijo ukaondoka mahali pale, ukazunguka, ukarudi. Ukaondoka tena. Ukarudi tena, polepole, kama mtu anayerudi kuangalia kama amefunga mlango.

"Na hapa," Veijo akasema, "ndiyo hivyo. Mmeona. Kahawa iko tayari!"

Makofi yakapigwa. Kahawa ikamwagika, maana Eila alikuwa bado ameshika mdomo wa birika wazi na kikombe kimeshajaa zamani.

Garini, wakirudi nyumbani, akamwambia, "Umeliruka kwapa."

"Kwapa gani?"

"Kwapa, Veijo. Umekuwa ukijifunza hii hotuba jikoni kwangu siku mbili nzima, na kila mara unamaliza na kwapa. Unalipenda kwapa. Leo umeliruka."

"Muda uliisha."

"Hilkka alikupa saa nzima. Ukatumia nusu."

"Basi kwapa halikuwepo leo!" akasema Veijo, akawasha redio. Eila akaizima. Akaiwasha tena. Wakafika nyumbani redio ikiimba dansi, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Alimpa nafasi. Alijua kwamba jambo la namna ile mtu anahitaji siku mbili tatu kulizungusha kichwani kabla halijashuka mdomoni. Lakini siku zilipita, na Veijo alikuwa akipiga mluzi, anapiga mluzi asubuhi, anapiga mluzi chooni. Mtu asiye na jambo hapigi mluzi hivyo.

Kisha ikaja Jumamosi. Eila alichukua taulo zote mbili, akafunga matawi ya mbetula ya kujichapia, akasimama mlangoni, tayari kwa sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke kando ya ziwa, kama kila Jumamosi tangu walipooana. Veijo, bila kugeuka, akasema:

"Tangulia wewe. Mimi nina kuni za kupasua."

"Kuni?"

"Za majira ya baridi."

"Banda limejaa kuni mpaka mlango haufungi."

"Basi nitazipanga upya. Nenda, nenda. Mimi nitaoga peke yangu baadaye."

Sasa, mume anaweza kukosa kanisa, anaweza kukosa mazishi ya shangazi. Anaweza hata kununiana na mkewe mwezi mzima wasisemezane. Lakini Jumamosi huingia naye sauna, akae naye juu ya benchi lile lile, watokwe jasho kimya. Ugomvi mwingi wa nyumba zetu umeisha hivyo bila mtu kuomba radhi. Mume anayetaka kuoga peke yake ana mwanamke mwingine au ana kidonda, na Veijo kwa mwanamke mwingine hakuwa na nafasi, maana wote alishawakimbiza kwenye picha ya matiti.

Eila akaenda, akaoga, akarudi. Alingoja mpaka moshi ulipoanza kutoka upya kwenye bomba la sauna. Akahesabu muda wa mtu kuvua nguo na kupanda benchi la juu. Akashuka hadi ziwani, akafungua mlango.

Veijo aliruka kama aliyekutwa akiiba. Alinyakua karai la maji na kulikumbatia. Na hapo Eila, pamoja na hasira yake yote, alikaribia kucheka: mwanamume yuko uchi wa mnyama, anaona haya, na anachokificha ni kifua.

"Funga mlango, joto linatoka!"

"Weka karai chini."

"Karai gani?"

"Hilo ulilolibeba kama mtoto wa ubatizo."

"Eila, mtu hawezi kuoga kwa amani katika nchi hii?"

"Hawezi. Weka chini."

Akaweka. Chuchu ya kushoto ilikuwa imezama ndani, imejikunja kama mdomo wa mzee asiye na meno. Eila alipanda benchi, akaketi karibu naye.

"Inua mkono."

"Nitauinua wa nini?"

"Inua mkono, mwalimu."

Akauinua. Eila akatumia vidole vitatu, tumbo la kidole, mviringo mdogo. Hakutafuta sana. Kilikuwa pale, kigumu, hakisogei, kama jiwe lililoganda kwenye barafu.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Veijo."

"Labda... tangu tulipochimba viazi."

"Viazi vya mwaka huu au vya mwaka jana?"

Mtu wa kwetu akikosa jibu ndani ya sauna huchota maji na kuyamwaga juu ya mawe. Mvuke ukipanda hakuna anayeweza kufungua mdomo, na swali hufia hewani. Veijo akachota, akamwaga. Mawe yakalia. Eila akainama, akapumua puani, akangoja. Mvuke ulipotulia akachota yeye, mara mbili, akamwaga. Veijo akashika masikio.

"Vya mwaka huu au vya mwaka jana?"

Veijo akachota tena. Eila naye akachota. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, aliyeshuka kwanza benchi la juu alikuwa Veijo, mwekundu kama nyama iliyochemshwa, anatafuta mlango.

"Mwaka jana kilikuwa kidogo!" akapaza sauti kutoka nje, amesimama gatini kwenye baridi. "Nilijua ni usukani! Mtu akisukuma usukani miaka thelathini kifua kinaota sugu!"

"Sugu!" Eila akasema peke yake, na mawe. "Wanawake wa kijiji kizima amewakimbiza kwa punje ya shayiri, yeye mwenyewe ana jiwe, anasema sugu."

Jumatatu akapiga simu kituo cha afya. Akaambiwa na sauti ya mashine kwamba simu yake ni muhimu na kwamba itarudishwa. Ilirudishwa wakati mikono yake iko ndani ya samaki.

"Mgonjwa ni wewe?" akauliza nesi, sauti changa.

"Ni mume wangu."

"Ana tatizo gani?"

"Ana uvimbe kwenye titi."

"Titi lako?"

"Titi lake."

"Una maana kifua?"

"Binti yangu, mimi kansa hii nimelala nayo. Kifua nakijua na titi nalijua. Uvimbe uko chini ya chuchu, chuchu imeingia ndani, na mwenyewe anasema ni sugu."

"Sawa, sawa, naandika. Samahani, hapa kompyuta inaniuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, na hainiruhusu kupita."

"Iandikie hajapata tangu tuoane."

Nesi akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla, na kwa kuacha kule Eila akampenda. Nafasi ikapatikana siku ile ile. Veijo alikubali kwenda, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba daktari atamwambia ni sugu. Daktari alikuwa kijana mwenye mikono baridi. Alipapasa titi moja, akapapasa la pili, akapanda mpaka kwapani, akakaa sana kwapani. Veijo akatupa mzaha wake, kwamba katika mkoa mzima yeye ndiye mwanamume pekee aliyevuliwa shati na daktari bila kikohozi. Daktari hakucheka. Alisema tu kwamba wanaume wenye ugonjwa huu ni wachache sana lakini wapo, kwamba huchelewa kuliko wanawake kwa sababu hawadhani ni wao, na kwamba ataandikia hospitali ya mjini leo leo, wampige picha na kuchukua kipande kwa sindano.

"Jumanne ijayo," akasema.

Veijo alipauka. Eila alidhani ni hofu ya kansa. Walipofika garini ndipo akajua.

"Jumanne ijayo," Veijo akasema, "ni juma la kulungu."

Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu wanaume wa Haapalahti. Kulungu wetu ni mnyama mrefu kuliko farasi, mwenye pembe kama makoleo, na Oktoba msimu wa kumwinda ukifunguliwa kijiji kizima husimama. Mafundi hawapatikani, meno yanaumia bila daktari. Hata arusi haipangwi. Aliyewahi kuipanga juma hilo alioa mbele ya mashahidi wanawake watupu. Na Veijo alikuwa kiongozi wa kundi la wawindaji. Yeye ndiye aliyesema nani akae wapi, nani aachie mbwa, nani anyamaze kwenye redio.

"Watapanga bila wewe," Eila akasema.

"Nani? Osmo? Osmo ndugu yangu nampenda, lakini Osmo ukimpa dira anaangalia saa ngapi."

"Basi wasiwinde siku moja."

"Wasiwinde!" Veijo akamtazama kama aliyetukana kanisani. "Eila, jambo lenyewe limekaa mwaka. Litashindwaje kukaa juma moja? Nitaenda baada ya kulungu. Naapa."

"Baada ya kulungu ni barafu la kuvulia samaki. Baada ya samaki ni Krismasi."

"Krismasi hospitali hawafanyi kazi, hapo kosa si langu."

Eila aliingia ndani akafunga mlango kwa bega. Hakuwa na hasira ya kulungu. Alikuwa anamkumbuka mwanamke mmoja wa enzi zile za dawa, aliyekaa kwenye kiti cha dirishani, mpole, mfumaji wa soksi, dripu mkono mmoja na sindano za kufumia kwa shida mkono mwingine. Aliwahi kumuuliza kwa nini alichelewa. Yule mwanamke alisema walikuwa na ng'ombe, na ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa, kisha mwingine. Siku moja kiti cha dirishani kilikuwa na mtu mwingine anayesoma gazeti. Manesi hawakusema, na Eila hakuuliza. Yeye alikuwa amejifunza kuwa mgonjwa, hata akawa mzuri kwa kazi hiyo: unalala, unatapika, unaamka. Kukaa pembeni ya kitanda hakuwahi kujifunza, na alimkasirikia Veijo kwa kumpa darasa hilo uzeeni.

Jumapili wakagombana, Jumatatu wakagombana kwa nguvu zaidi. Jumatatu jioni Veijo akasema, "Sawa, mama. Umeshinda," akaenda kulala mapema. Eila alimjua. Veijo akisema umeshinda, hesabu vijiko vyako, maana kuna hila.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi, alipoamka akakuta upande wa pili wa kitanda baridi, viatu vya mpira havipo, na chupa ya chai haipo, hakupiga kelele. Alikunywa kahawa yake. Alivaa koti zuri. Akatoa sandukuni kile kipande cha chuma cha bunduki, kile cha nyuma kinachobeba risasi, ambacho wenye akili hukihifadhi mbali na bunduki yenyewe, na ambacho Veijo, kwa haraka ya kunyata gizani, aliamini kwamba tayari kiko mfukoni mwa koti lake. Mfukoni mwa koti lake Eila alikuwa ameweka kikunio cha jibini cha jikoni, ambacho uzito wake unakaribiana na wa chuma hicho.

Kambi ya wawindaji ilikuwa kibanda pembeni mwa msitu, moshi juu, magari matano nje. Eila alipofika wote walikuwa uani wamevaa fulana zao za rangi ya chungwa, na katikati yao Veijo amesimama na bunduki wazi mkono mmoja na kikunio cha jibini mkono wa pili. Osmo, mdogo wake, alikuwa ameuma glavu yake mwenyewe ili asicheke.

"Kaka," Osmo akasema hatimaye, "kulungu tumpige risasi au tumkune?"

Hapo uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mmoja alilazimika kukaa juu ya ndoo.

"Shemeji!" Osmo akamwona Eila. "Karibu kahawa. Kiongozi wetu leo amekuja na silaha mpya."

"Asante, Osmo, nimekunywa," Eila akasema. "Veijo, unachokitafuta kiko kwenye gari langu. Kiti cha mbele."

Veijo akamwendea, uso wake mwekundu, anasema kwa meno yaliyofungwa, "Mbele ya watu, Eila? Mbele ya watu?"

"Sijasema neno mbele ya watu. Na sitasema. Chukua kitu chako."

"Anataka nimpeleke mjini kuchagua mapazia!" Veijo akawapigia kelele wenzake kwa mgongo. "Mapazia, juma la kulungu!"

"Nenda ukachague, mzee!" mmoja akajibu. "Chagua ya maua!"

Osmo peke yake hakucheka sasa. Alikuwa akimtazama Eila, koti lile zuri, na uso. Akaja akamnyang'anya Veijo bunduki mkononi, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo wa mgeni.

"Hii nitaifungia mimi kabatini," akasema. "Nenda, kaka. Leo nitapanga mimi."

"Wewe? Kaskazini ni wapi?"

"Kule unakoangalia wewe nitaenda kinyume chake. Nenda."

Veijo akaingia kiti cha mbele, akainama chini kutafuta chuma chake, na alipoinua kichwa msitu ulikuwa tayari unapita dirishani.

"Eila! Simama!"

"Kiko kwenye mkoba wangu. Nitampa Osmo jioni. Funga mkanda."

Njia nzima alinung'unika. Kwamba huu ni utekaji. Kwamba kwa sheria mwanamke hapaswi kutembea na kipande cha bunduki ya mtu. Kwamba Osmo atawaweka wote upande mmoja wa upepo na kulungu atapita akiwacheka. Kwamba amevaa viatu vya mpira na fulana ya chungwa, na hospitali ni mahali pa watu waliochana nywele.

"Afadhali hiyo fulana," Eila akasema. "Hutapotea koridoni."

"Na kama ni kansa?"

Ilikuwa mara ya kwanza neno lenyewe linatoka kinywani mwake bila "sisi" mbele yake. Eila aliendelea kuangalia barabara.

"Kama ni kansa utaniudhi mwaka mzima, na uji nitakupikia mimi. Kama si kansa utaniudhi maisha yote. Kwa vyovyote mimi sina ahueni."

Veijo akacheka kidogo puani.

Hospitalini alishuka vizuri, akatembea vizuri, akapanda ngazi mbele yake kama mtu mzima. Walipofika kwenye mlango wa kioo ndipo alipoota mizizi. Juu ya mlango palikuwa na kibao, na ndani, kwenye viti, walionekana wanawake wamekaa: mmoja na kitambaa kichwani, mmoja na binti yake, mmoja anasinzia. Mwenye kitambaa aliinua macho, akaona mwanamume mkubwa aliyewaka rangi ya chungwa kama moto, akayashusha tena kwa adabu.

"Humu siingii," Veijo akasema.

"Utaingia."

"Wamejaa wanawake."

"Ulitarajia kulungu?"

"Eila, nisikilize, nakuomba kwa utaratibu. Twende kwa daktari wa mapafu. Mlango wowote mwingine, foleni yoyote, nitaingia bila neno, nitakaa mpaka jioni. Lakini humu! Wataniuliza nimemleta nani. Wataona kibao hicho halafu watanitazama mimi. Kesho habari itakuwa Haapalahti, keshokutwa watakuwa wananiletea soksi za waridi."

"Mapafu yako hayana kitu. Sukuma mlango."

"Dada," akamgeukia nesi aliyekuwa anapita na trei, "hakuna mlango wa wanaume?"

"Mlango ni huo huo, baba," nesi akasema. "Unafunguka kwa ndani."

Akapita. Veijo akashika kishikio cha mlango, akakiachia. Sauti yake ikapanda, mpaka mwenye kusinzia ndani akafumbua macho.

"Mimi ni mwanamume, Eila! Soma kibao! Pameandikwa matiti, kwa herufi kubwa kama hizo. Mwenye matiti na aingie, simzuii mtu. Lakini mimi humo nina shughuli gani?"

Eila akavua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka mkobani, akamtazama kuanzia viatu vya mpira hadi usoni.

"Veijo," akasema, "katika nyumba yetu mwenye matiti ni wewe. Mimi yangu niliyaacha humo ndani. Tangulia."